Mdomo wa Kwanza

Annelies alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini, na kwa kuwa tulikuwa hatujawasiliana miaka mingi, nilidhani amekosea namba. Aliniambia kwamba Gilbert, yule mzee wa filimbi, amefariki, kwamba wamemzika wiki iliyopita bila makelele kama alivyotaka mwenyewe, na kwamba kwenye karakana yake kuna sanduku la kadibodi lililoandikwa jina langu. "Ni madaftari," alisema, "na mfuko mmoja." Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, katika nyumba ya wazee hapa Ixelles ninakofanya kazi, mguu mmoja ndani ya kiatu cha kazi na mwingine una soksi tu. Ningependa kusema kwamba nililia. Sikulia. Niliona aibu kwanza, aibu ya mtu aliyekutwa, na huzuni ikaja baadaye, ikanikuta nimesimama ndani ya basi, watu wamenibana pande zote, mahali pabaya kabisa pa kulilia.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na karibu wote niliupitisha ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Saint-Josse. Ilikuwa enzi ya kununua kadi za kukwangua ili kupiga simu nyumbani, na kadi ikiisha unabaki na neno mdomoni. Niliishi ghorofa ya tatu kwa Maman Georgette, mwanamke wa Bukavu kama mimi, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja. Alikuwa na vyumba viwili: kimoja chake, kingine kilikuwa sebule, jiko na chumba changu kwa pamoja. Nililala kwenye kochi la kukunjua ambalo chuma chake cha katikati mgongo wangu unakikumbuka mpaka leo. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na nilimaliza kuhesabu matofali yake katika wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeomba karatasi za kuishi Ubelgiji, na kwenye komini, yaani ofisi ya mtaa, waliniambia jambo moja tu: polisi wa mtaa atapita kuhakikisha kwamba kweli naishi pale. Siku gani? Hawakusema. Saa ngapi? Hawakusema. Akinikuta ataandika kwamba nipo. Asiponikuta, faili litafungwa, na amri ya kuondoka nchini itafuata.

"Bon, sikiya mutoto," Maman Georgette aliniambia siku ile, akivua viatu. Alikuwa anasafisha ofisi upande wa Schuman, na jioni miguu yake ilikuwa imevimba kama mikate. "Usitoke. Hata ku boulangerie, kuuza mukate, usiende. Ule agent de quartier, ule polisi, akikuya, akute kichwa yako hapa. Ya kwangu alikuyaka à neuf heures, saa tatu. Asubuyi njo banakuyaka."

"Na nikitaka kupata hewa kidogo, Maman?"

"Hewa iko ku dirisha."

Basi nikakaa. Kila asubuhi niliamka, nikavaa kama ninakwenda misa, nikajiweka kwenye kiti mbele ya kengele, karatasi zangu ndani ya bahasha ya plastiki juu ya mapaja. Niliogopa kuoga, maji yasije yakafunika sauti ya kengele. Niliogopa hata kukaanga vitunguu. Nilikula mkate na dagaa wa kopo nikiwa nimesimama, na Jumapili peke yake ndiyo tulipika fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, Maman Georgette akiniambia nile vizuri kwa sababu polisi akinikuta nimekonda atadhani mwenye nyumba ananitesa. Katikati ya juma nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia friji ikipumua. Watu wanaponiuliza leo kama nilifungwa huko nyuma, nasema hapana, na ni kweli, mlango haukuwa na kufuli. Lakini sijawahi kukaa mahali palipofungwa kama pale, na mlinzi wangu alikuwa mimi mwenyewe.

Chini kabisa, nyuma ya ngazi, kulikuwa na karakana ya Gilbert. Harufu ya mafuta ya kitani aliyopaka mbao ilipanda mpaka kwetu. Alikuwa mzee wa Kibelgiji mwenye masharubu makubwa, akikereza filimbi za mti wa mpeasi kwa mashine ya miguu, filimbi za matundu sita ambazo wapiga muziki wa kienyeji wa huku huzipiga kwenye ngoma zao za zamani pamoja na kodiani na fidla. Alikuwa na desturi yake, na watu waliifuata kama ibada: filimbi haiuzwi mpaka imepita katika midomo saba. Mfuko wa kitambaa wenye filimbi tatu ulitoka kwa mwanamuziki mmoja kwenda kwa mwingine, wiki moja kwa kila mtu, mkono kwa mkono, hautumwi kwa posta. Kila mmoja aliandika kwenye daftari la shule lililosafiri na mfuko: sauti hii ni kali, tundu lile liko mbali na kidole. Baada ya mdomo wa saba, mfuko ulirudi kwa Gilbert, akarekebisha, na hapo tu ndipo akauza. Aliyekuwa na kazi ngumu ni mtu wa kwanza. Ubao mpya haujazoea pumzi ya mtu, ukiulowesha sana siku ya kwanza unapasuka. Kwa hiyo siku ya kwanza unapiga dakika tano, ya pili kumi, ya tatu kumi na tano, polepole, mpaka wiki iishe. Wenyewe kazi hiyo waliiita kufungua filimbi, na mtu huyo walimwita mdomo wa kwanza, na siku zote mdomo wa kwanza alikuwa Gilbert.

Yote hayo niliyajua baadaye. Siku ya kwanza nilishuka kwa sababu ya sombe. Mtu wa kuleta mizigo alikuwa ameacha chini mfuko wa majani ya muhogo yaliyogandishwa, wa Maman Georgette, na ilikuwa alasiri, saa ambayo kwa hesabu ya Maman Georgette polisi hawaji. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Gilbert amesimama karibu na dirisha la uani, filimbi mdomoni, mashavu yamejaa. Hakuna sauti iliyotoka. Ilikuwa hewa tupu, kama mtu anayepoza uji. Alijaribu tena na tena, kisha akaupangusa mdomo kwa ghadhabu, na ndipo nikaona kwamba chini ya masharubu upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umelegea. Akageuka, akaniona.

"Hukuona kitu," alisema kwa Kifaransa.

"Na sikusikia kitu," nilijibu. Nilikusudia adabu. Alicheka, cheko la upande mmoja, akaniuliza kama najua kupuliza.

Shuleni kwa masista tulipiga filimbi za plastiki, karibu za namna hiyo hiyo. Niliichukua, nikapuliza taratibu, na ile sauti ya kwanza kutoka kwenye ubao mpya ilikuwa nyembamba na ya kuogopa. Gilbert aliweka saa yake juu ya meza. Dakika tano zilipotimia alininyang'anya katikati ya wimbo. Kisha akaniwekea supu kwenye bakuli, akakata mkate na jibini, akaniambia kwamba tangu ugonjwa uliompata wakati wa kiangazi hajaweza kufungua filimbi hata moja, na wenzake wanadhani mbao hazijakauka. Kwa nini asiwaambie? Alikata kipande kingine cha mkate. Kisha akasema kwamba miaka ya nyuma alimfukuza kundini fundi mmoja wa mji wa Namur, mbele ya watu wote, kwa sababu fundi yule alikuwa hodari wa kuchonga lakini hawezi kupuliza. "Nilimwambia mtu asiyeweza kupuliza asichonge. Sasa unaelewa?"

Nilielewa. Tukakubaliana bila kupeana mikono. Kila siku saa kumi alasiri nilishuka, nikafungua filimbi zake tatu kwa dakika alizonipa. Mimi nilisema, yeye akaandika. "Tundu la nne lina uvivu," nilimwambia, naye akaandika hivyo hivyo kwenye mstari wa kwanza wa daftari, akaweka jina lake. Sikujali. Nilikuwa na supu, nilikuwa na joto, na kulikuwa na mtu mmoja katika jiji zima aliyeningojea kwa saa maalumu. Saa nyingine ishirini na tatu nilikuwa mfungwa wa kengele. Hiyo moja nilipumua, na filimbi ikapumua nami.

Maman Georgette alijua kwamba nashuka, na hakupenda.

"Juu ya nini unashukaka kwa ule muzee? Bantu batasema nini?"

"Bantu gani, Maman? Hapa hakuna mtu anayenijua."

"Mungu anakujua," alisema, akafunua sufuria kuona kama nimeosha mchele.

Jumamosi wanamuziki walikuja kubadilishana mifuko. Gilbert hakutaka wanione, kwa hiyo nilijificha kwenye jiko dogo nyuma ya karakana, katikati ya makopo ya gundi, nikisikiliza. Annelies alipiga kodiani na alikuwa na sauti ya kusikika mbali. "Gilbert amerudi ujanani," alisema Jumamosi moja. "Juzi nimepita barabarani nikamsikia. Sijamsikia akipiga vile tangu nimjue." Mwingine akasema zile filimbi za majira ya baridi ni bora kuliko zote alizowahi kushika. Gilbert alikohoa tu. Mimi nyuma nilikuwa nimeuma kitambaa cha vyombo nisicheke. Lakini nilipopanda ngazi kurudi juu, kicheko kiliniishia ghorofa ya pili, nikakaa pale kwenye ngazi. Nilikuwa mtu ambaye serikali haijui kama yupo, na sasa hata pumzi yangu ilikuwa na jina la mtu mwingine. Nilikasirika, na kesho yake saa kumi nikashuka kama kawaida.

Barua ilikuja mwezi wa pili. Ilikuwa fupi: polisi wa mtaa amepita mara tatu, mwombaji hakukutwa, faili litafungwa, una siku kumi na tano za kujibu. Niliisoma mara nyingi nikidhani ni ya mtu mwingine. Mara tatu! Mimi niliyekula nimesimama! Maman Georgette aliomba ruhusa kazini, tukaenda wote kituo cha polisi, na polisi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alifungua kijitabu chake akatusomea siku na saa. Zote tatu zilikuwa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Kengele ya ghorofa ya tatu ililia juu, chumbani kwetu, mbele ya kiti kitupu.

"Aliyekuwepo ni mzee Gilbert peke yake," alisema. "Alikuwa anapiga filimbi yake kule nyuma, nikaona haya kumkatiza. Mara ya pili nilisimama mlangoni nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaandika kwamba wewe hupo."

"Ni mimi," nilisema. "Aliyekuwa anapiga ni mimi."

Alitabasamu kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi. "Mademoiselle, nina miaka mingi kwenye mtaa huu. Filimbi ya Gilbert naijua."

Nikamuuliza kama Gilbert akiandika barua ya kuthibitisha itatosha. Akatikisa kichwa. Majirani huandikiana barua kila siku, alisema, na yeye huandika alichokiona na alichokisikia. Tulipotoka nje Maman Georgette hakungoja tufike nyumbani.

"Nsimire! Miye nakuambiaka kila siku, kaa ku nyumba! Donc batakurudisha juu ya flûte? Juu ya kamuti kadogo vile?" Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona analia. "Bon. Alors ule muzee aseme kweli. Leo. Asipoyisema, miye nitashuka na ufagio."

Nilishuka mimi, bila ufagio. Nilimweleza Gilbert kila kitu, neno kwa neno. Alikuwa anasugua filimbi kwa msasa na hakuacha kusugua. Nilipofika mahali pa polisi kusimama mlangoni, ndipo mkono wake ukasimama. "Alisikiliza mpaka mwisho?" aliuliza. "Ilikuwa ipi? Ile nyeusi zaidi?" Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, nilitaka kumpiga na nyundo yake. Niliondoka bila kuaga. Siku nne mlango wa karakana haukufunguliwa. Nilisikia mashine ikizunguka tangu asubuhi mpaka giza, nami nikiwa juu kwenye kiti changu, nikingoja kengele ambayo sasa haikuwa na sababu ya kulia. Zile siku nne ndizo zilizokuwa gereza lenyewe. Nilimchukia Gilbert, na nilijua kwamba ninachomwomba ni kikubwa, na kujua hivyo hakukunipunguzia chuki.

Jumamosi Annelies aligonga mlango wetu. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara, kwa kuwa hakuwahi kuniona, akasema Gilbert ananiita chini. Karakana ilikuwa imejaa. Wanamuziki wote sita walikuwepo, na polisi wa mtaa alikaa kwenye kigoda, kofia juu ya goti, kikombe cha kahawa mkononi. Maman Georgette alinifuata akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Gilbert alichukua filimbi mpya kwenye rafu, akapangusa masharubu yake, akaiweka mdomoni mbele ya watu wote, akapuliza. Hewa. Akapumzika, akashikilia mdomo wake kwa vidole upande wa kushoto, akapuliza tena. Hewa. Mate kidogo yalimtoka yakateremka kidevuni. Hakuna aliyecheka. Annelies alitazama sakafu.

"Tangu kiangazi," Gilbert alisema. "Zile zote mlizozisifu, aliyezifungua ni huyu." Akanipa filimbi.

Nilikosa tundu la kwanza. Nikaanza upya. Nilipiga ule wimbo wa masista niliokuwa nimeuzungusha alasiri zote zile mpaka ukawa wangu, na kabla sijamaliza polisi alikuwa ametoa kijitabu chake. "Ni huu," alisema polepole. Alikata mistari mitatu, akaandika upya, siku kwa siku, akatia sahihi. Kisha akaniuliza kwa nini sikuvuta waya wa kengele mpaka chini. Maman Georgette alimwangalia kama anayetaka kumzaba kofi, halafu akaomba na yeye kahawa.

Mzee mmoja katika wale sita, mpiga fidla, alivaa koti lake. "Na yule wa Namur?" alimuuliza Gilbert. "Leo ungemwambia nini?"

"Ningemwomba msamaha," Gilbert alisema. Mzee yule alitoka bila kuchukua mfuko wake, na hakurudi tena. Gilbert akafungua daftari, akakata jina lake kwenye mstari wa kwanza, akaandika langu. Aliniuliza herufi zake moja moja.

Karatasi zangu zilitoka kabla ya kiangazi. Nilipata kazi, nikapata chumba Ixelles, nikahama kwa mifuko miwili. Gilbert alisimama mlangoni mwa karakana, vumbi la mbao kwenye masharubu. "Utapita saa kumi?" aliuliza. Nilisema nitapita. Sikupita. Mwanzoni nilisema ni kazi, halafu nikasema ni baridi. Ukweli ni kwamba nilijaribu mara moja, nikafika kwenye kona, nikaona kile kibao cha kengele, nikageuka. Tangu hapo nilizunguka na basi mbali ili nisipite mtaa ule. Maman Georgette alipokuja kunitembelea alisema, "Muzee anakuulizaka," nami nikamuuliza habari za miguu yake. Nilikuwa naikimbia nyumba ile, na Gilbert alikuwa ndani yake, basi nikamkimbia na yeye. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Alhamisi, siku chache baada ya simu ya Annelies, nilichukua ruhusa nikaenda. Annelies alinifungulia. Karakana ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na harufu ya mafuta ya kitani ilikuwepo bado. Ndani ya sanduku kulikuwa na madaftari manane. Nilifungua la juu. Ukurasa wa kwanza, orodha ya midomo, na mstari wa kwanza kwa mwandiko wake: Nsimire. Mbele ya jina, neno moja: hayupo. Nilifungua la pili. Nsimire, hayupo. La tatu. La nne. Miaka yote ile, mfuko baada ya mfuko, aliandika kama yule polisi.

"Tulimwambia tufungue sisi," Annelies alisema. "Alikataa. Alisema nafasi ina mwenyewe. Alikuwa anazilowesha kwa kitambaa cha maji, dakika tano, dakika kumi, na saa yake mezani. Nusu zilipasuka." Alisema hivyo bila kunilaumu, akanipa mfuko wa mwisho. Filimbi zilikuwa tatu, kavu, hazijaguswa na pumzi ya mtu.

Nilizibeba mpaka nyumbani kwangu. Nikala kwanza, kwa sababu nilikuwa na njaa, kisha nikaweka saa juu ya meza ya jikoni na kuchukua ile ya juu. Sauti ilitoka nyembamba, ya kuogopa, kama zilivyo zote siku ya kwanza. Dakika tano zilipotimia nikaacha katikati ya wimbo, ingawa hakukuwa na mtu wa kuninyang'anya, na hapo nikalia, kwa sauti, nikiwa nimekaa. Kisha nikafungua daftari lake la mwisho. Jina langu lilikuwepo, na neno lile lilikuwepo, kwa mkono uliokuwa unatetemeka. Nilitaka kulikata. Nikaliacha, kwa kuwa lilikuwa kweli. Chini yake nikaandika: leo dakika tano, tundu la nne lina uvivu, kesho kumi.